Maswali ya Wasomaji: Lugha Iliyojificha Kati ya Wadogon

Katika toleo lililopita tulichapa ukurasa mmoja kuhusu miamba ya Bandiagara nchini Mali na Wadogon wanaoishi huko, na katika ukurasa huo niliandika, kwa haraka ya kujaza nafasi, kwamba "Wadogon husema Kidogon". Sentensi hiyo fupi imeniponza. Barua zimekuja kutoka Kasulu, Ujiji na Kalya, na nyingine zimepanda treni kutoka Tabora, zote zikitaka nieleze nilichomaanisha. Nimechagua sita ambazo zikijibiwa, zile nyingine zitakuwa zimejibiwa pia.

Ndugu Mhariri, shikamoo. Niliwafundisha wanafunzi wangu, kwa kulitegemea gazeti lako, kwamba Wadogon wana lugha moja. Mmoja akanionyesha ramani yenye majina zaidi ya kumi: Jamsay, Tommo So, Toro So, Najamba na mengine. Je, hizi ni lahaja kama Kimvita na Kiunguja, au ni lugha mbalimbali? Nani amekosea: mimi, wewe, au ramani?
*Mwalimu wa sekondari, Kasulu*

Marahaba, Mwalimu. Ramani iko sawa, nawe ulisema ulichosoma. Aliyekosea ni mimi. Kidogon si lugha moja, bali ni familia ya lugha zinazokaribia 20, na idadi hiyo hupanda au kushuka kidogo kutegemea anayehesabu anaweka wapi mpaka kati ya lugha na lahaja. Wasemaji wake wote kwa pamoja hukadiriwa kuwa zaidi ya nusu milioni, na wametawanyika juu ya nyanda za mawe, katika vijiji vilivyong'ang'ania ukuta wa mwamba wenye urefu wa kilomita 150 hivi, na katika tambarare ya mchanga iliyo chini yake.

Wewe uliye Kasulu una mfano mlangoni pako, ila umegeuzwa juu chini. Muha akivuka Malagarasi na kukutana na Mrundi, wataelewana bila mkalimani, ingawa sisi tunazihesabu Kiha na Kirundi kuwa lugha mbili. Kwa Wadogon ni kinyume: jina ni moja, lakini msemaji wa Jamsay kutoka tambarare akipanda hadi kwa Wadogon wenzake wa lugha za upande wa magharibi, huenda wakalazimika kutafuta lugha ya tatu ya kuzungumzia. Hata hayo majina ya ramani yanajieleza, kwa kuwa neno *so* katika Tommo So au Toro So lina maana ya maneno, au lugha, kama kiambishi *ki-* kinavyotufanyia sisi kazi.

Serikali ya Mali ilipotaka kuwa na "Kidogon" kimoja cha kuandikia vitabu vya kisomo, ilichagua Toro So, kama vile mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulivyochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Tofauti ni kwamba Mmvita aliyepewa kitabu cha Kiunguja alinung'unika lakini akakisoma, ilhali umbali kati ya Toro So na baadhi ya ndugu zake ni mkubwa kuliko huo.

Mwambie mwanafunzi wako aitazame tena ramani yake upande wa magharibi. Ikiwa ilichorwa kwa uangalifu, ataona jina Bangime limetiwa rangi ya peke yake. Barua inayofuata inahusu jina hilo.

Mjukuu wangu amenisomea kwenye simu kwamba ndani ya Wadogon kuna watu wa vijiji saba ambao lugha yao haina undugu na Kidogon cha aina yoyote, nao wenyewe wanashikilia kuwa ni Wadogon. Watu hawa ni nani, na lugha hiyo wameipata wapi? Na kwa kweli ni Wadogon au si Wadogon?
*Bibi wa wajukuu tisa, Ujiji*

Shikamoo, bibi. Mjukuu wako amekusomea sawasawa. Watu hao hujiita Bangande, na vijiji vyao saba viko kwenye ukingo wa magharibi wa nyanda za Bandiagara, katika Mali ya kati. Kijiji kinachotajwa zaidi ni Bounou. Makadirio ya chini huwahesabu kuwa 1,500 na ya juu 3,500, yaani hata tukichukua hesabu kubwa, wote wangeenea katika mitaa michache ya hapo kwenu. Lugha yao hujulikana kwa jina la Bangime. Mtaniwia radhi nisipoandika "Wabangande", kwa sababu mkia *-nde* katika jina lao ndio wingi wenyewe. Wao huuweka nyuma ya neno pale ambapo sisi huuweka mbele, na nikiongeza *wa-* nitakuwa nimewazidisha mara mbili.

Kwa miaka mingi wageni waliwaweka katika hesabu ya Wadogon bila kuuliza sana, na haikuwa ajabu, kwani wanakaa kati ya Wadogon, wanalima uwele kama wao, na ukiwauliza wanasema wao ni Wadogon. Mwaka 2005 mwanaisimu wa Uingereza, Roger Blench, alikusanya maneno yao na kuyalinganisha na ya majirani, akaona kwamba hayakuwa ya Kidogon, wala hayakushabihiana vya kutosha na ya lugha nyingine yoyote ya Afrika Magharibi. Maoni yake yalikuwa kwamba huenda Bangime ni mabaki ya lugha zilizosemwa katika nchi ile kabla Wadogon hawajaenea. Baadaye Mholanzi Stefan Elders alikwenda kuichunguza kwa undani, lakini aliugua na kufariki huko huko Mali mwaka 2007 kazi ikiwa bado changa. Iliendelezwa na Abbie Hantgan, mwanaisimu wa Marekani, aliyeandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu lugha hiyo mwaka 2013, na mwaka 2018 kitabu kizima cha sarufi ya Bangime kikatoka kwa jina lake na la Jeffrey Heath.

Umeuliza waliipata wapi. Jina lenyewe limefasiriwa kwa neno la majirani lenye maana ya jambo la siri au lililofichwa, kwa hiyo Bangande ni kama kusema watu waliojificha. Simulizi zao zinaeleza kwamba vijiji vyao vilikuwa kimbilio la watu waliotoroka misafara ya watumwa, na kwamba aliyefika pale alipokelewa na kufichwa. Bibi, wewe umekulia penye miembe ambayo wazee husema ilitokana na misafara iliyopita hapo kwenda Tabora na pwani, kwa hiyo sihitaji kukueleza kwa nini watu wa mahali kama hapo wangethamini lugha ambayo mpita njia haielewi hata neno moja. Simulizi hiyo haituelezi lugha ilizaliwa wapi. Inatueleza kwa nini imeendelea kutunzwa katika bonde dogo lililozungukwa na lugha zenye nguvu kuliko yenyewe.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo ndilo gumu. Wadogon wengi wanaopakana nao husema Bangande si wenzao. Bangande wenyewe husema ni Wadogon, na baadhi hukasirika wakiambiwa vinginevyo. Mtaalamu mwenye orodha ya maneno mkononi atasema majirani wamepatia. Mimi sioni hivyo, na sababu nimeipata Ujiji. Nikiwa mdogo nilimsikia marehemu nyanya yangu, sokoni, akiulizwa kabila lake. Akajibu, "Mmanyema." Muuzaji, ambaye naye alikuwa Mmanyema, akamwuliza tena, "Mmanyema wa wapi?" ndipo akasema, kwa sauti ya chini kidogo, "Mbangubangu." Wewe unajua kwamba chini ya jina hilo moja wamo Wabangubangu, Wabwari, Wagoma, Wakusu na wengineo waliovuka ziwa kutoka magharibi, kila mmoja na lugha yake, na kwamba lugha iliyowaunganisha hapa ilikuwa Kiswahili, ambacho hakuna hata mmoja wao aliyevuka nacho kutoka kwao. Je, nyanya yangu alidanganya aliposema ni Mmanyema? Hakudanganya. Alitaja watu aliozikana nao na kuoana nao. Ukoo wa lugha huchunguzwa kwa maneno na sarufi. Ukoo wa watu una mashahidi wengine. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba Bangime si lugha ya Kidogon, na Bangande ni Wadogon kwa kadiri wanavyotaka kuwa.

Ninasoma chuo hapa Tabora. Wataalamu wanajuaje kuwa lugha fulani haina ndugu? Si huenda hawajatafuta vya kutosha, au ndugu alibadilika mno hadi hatambulikani?
*Mwanafunzi, Tabora*

Mwanangu, shaka yako ni nzuri, na Tabora ni mahali pa kuizungumzia. Anza na neno *tatu*. Muha anasema *-tatu*, Mswahili anasema *tatu*, Mnyamwezi anasema *-datu*. Mtu asiyejua atadhani Mnyamwezi ameteleza ulimi, kumbe kuna kanuni: pale silabi mbili zinazofuatana zinapokuwa na konsonanti zisizo na mghuno (zinazotamkwa bila koo kutetemeka, kama *t* na *k*), ile ya kwanza hupewa mghuno, na *t* ikawa *d*. Kanuni hiyo ilionwa katika Kinyamwezi na mmisionari Mjerumani, Edmund Dahl, na mwaka 1903 mwanaisimu Carl Meinhof akaipa jina lake. Mpaka leo wanaisimu wa lugha za Kibantu huiita Sheria ya Dahl, na huitumia kueleza maneno ya Kikuyu, huko mbali na Unyamwezi.

Undugu wa lugha huthibitishwa namna hiyo. Haitoshi maneno mawili yafanane. Hufanana hata kwa bahati. Kinachotakiwa ni tofauti zenye utaratibu, zinazojirudia katika neno baada ya neno, na hasa katika maneno ambayo watu hawayaazimi ovyo: viungo vya mwili, maji, moto, kula, kufa. Lugha za Kidogon, pamoja na kutoelewana kwake, zinapolinganishwa hivyo hutoa utaratibu wa namna hiyo. Bangime ikiingizwa katika jedwali lile lile, utaratibu hukatika. Maneno yenye asili ya Kidogon yamo, tena mengi, pamoja na yaliyotoka katika lugha za jamii nyingine zinazopakana nao, lakini yana dalili za kuazimwa. Kiswahili kinahesabu *sita*, *saba* na *tisa* kwa Kiarabu, na hakuna anayekiita Kiarabu, kwa kuwa *mbili*, *tatu*, *nne*, *tano*, *nane* na *kumi* yamebaki ya Kibantu, na sarufi yake yote inakwenda Kibantu.

Sarufi nayo inatoa ushahidi. Katika lugha za Kidogon kitenzi hukaa mwishoni mwa sentensi na kubeba viambishi nyuma yake: wakati, ukanushi, nafsi. Kwa Bangime viambishi karibu havipo. Wingi upo, na udogishaji, yaani kuonyesha udogo wa kitu, na zaidi ya hapo maneno husimama kila moja kivyake kama watu kwenye foleni.

Kuhusu ndugu aliyebadilika mno, ni kweli hilo haliwezi kufungwa kabisa. Mtaalamu mwangalifu hasemi "haina ndugu", anasema "ndugu hajathibitishwa". Nchi yetu ina mfano. Kihadzabe, kinachosemwa na watu wapatao 1,000 kando ya Ziwa Eyasi, kiliwekwa kwa muda mrefu katika kundi moja na lugha za kusini mwa Afrika kwa sababu kina vidoko, yaani sauti za kualika ulimi; ulinganishi ulipofanywa kwa makini, undugu huo haukusimama, na leo wengi hukihesabu kuwa lugha pekee, yaani isiyo na ndugu anayejulikana. Kihadzabe kilipewa ndugu kwa sababu ya sauti, na Bangime ilipewa ndugu kwa sababu ya majirani.

Hao Bangande na Wadogon wanakula nini juu ya mawe? Wana dagaa?
*Mfanyabiashara, Kibirizi*

Dagaa wa Kigoma hawana, na ni hasara yao. Chakula kikuu ni uwele, na mboga inayowapatia fedha Wadogon wa nyanda za juu ni vitunguu, ambavyo huvilima katika vishamba vidogo kando ya mabwawa, pengine juu ya udongo uliobebwa kwa vikapu na kumwagwa juu ya mwamba. Vitunguu na majani yake hupondwa, hufinyangwa kuwa madonge na kuanikwa juani, kisha huuzwa mbali kama kiungo cha mchuzi. Samaki wao hutoka Mto Niger, kwa Wabozo, ambao Wadogon wana utani nao. Na utani huo, kwa mtu wa Tabora anayetaniana na Mzaramo, hauhitaji maelezo.

Mimi ni mwalimu wa kwaya. Nimesikia kuna lugha moja huko ambayo paka akiwa mweusi, neno "paka" lenyewe hubadilika sauti. Kama ni kweli, wanaimbaje?
*Msomaji, Urambo*

Ni kweli, Mwalimu, na lugha hiyo ni Tommo So, iliyochunguzwa na mwanaisimu wa Marekani, Laura McPherson, ambaye sarufi yake ilitoka mwaka 2013. Paka huitwa *gamma*, silabi ya kwanza ikitamkwa chini na ya pili juu. Ukitaka kusema paka mweusi, unaongeza neno *gem*, na hapo hapo *gamma* hupoteza toni yake ya juu: silabi zote mbili hushuka chini, na neno la weusi ndilo linalobaki juu. Sifa ndiyo iliyolishusha jina. Mmiliki naye ana nguvu kama hizo: neno *babe*, yaani mjomba, likitanguliwa na *mi*, yaani wangu, toni yake ya kawaida huondolewa na silabi zote mbili hupandishwa. Lugha nyingi zina toni, zikiwemo Kiha na Kinyamwezi, lakini kwa lugha za Kidogon toni ya neno hubadilishwa na kazi ya neno katika fungu lake kwa kiasi ambacho wanaisimu hawakukizoea.

Kiswahili hakina toni. Sisi tuna mkazo tu, nao mara chache sana hutofautisha maana, kama katika *barabara* ya magari na *barabara* ya kusema jambo limekwenda sawasawa. Kwa hiyo kwaya yako inaweza kupandisha au kushusha sauti popote na maneno yakabaki yale yale.

Swali lako la kuimba lilichunguzwa pia, na mwaka 2018 McPherson na mwenzake Kevin Ryan walichapisha matokeo yao kuhusu nyimbo za jadi za Tommo So. Waliona kwamba muziki haulazimiki kuifuata toni hatua kwa hatua, lakini huepuka kwenda kinyume chake: penye neno linalopanda, wimbo hupanda au hubaki palepale, na kushuka ni nadra. Wimbo unapopishana na toni, hutokea zaidi kati ya neno na neno kuliko ndani ya neno lenyewe. Nadhani hata wewe ungetunga hivyo bila kufundishwa, kama ungekuwa unatunga kwa Kinyamwezi. Bangime nayo ni lugha ya toni, ingawa, kama nilivyomweleza mwanafunzi wa Tabora, sarufi yake inakwenda njia nyingine.

Mimi ni Mtongwe. Nyumbani tunasema Kitongwe na bibi tu. Watoto wangu wanajibu kwa Kiswahili. Je, lugha hiyo ya vijiji saba nayo itakufa? Na nikiandika maneno ya Kitongwe katika daftari, gazeti litayachapa?
*Mvuvi, Kalya*

Ndugu yangu, Bangime ni ndogo kuliko Kitongwe kwa hesabu ya watu, lakini kwa maelezo ya waliofanya kazi Bounou, watoto wa pale huianza lugha hiyo nyumbani na kuitumia michezoni. Idadi ndogo peke yake haiui lugha; kinachoiua ni siku mtoto anapojibu kwa lugha nyingine, na hilo wewe umeshaliona sebuleni kwako.

Kilichowakabili majirani wa Bangande katika miaka ya karibuni si Kifaransa wala Kibambara, ni vita. Tangu mwaka 2012 Mali imekuwa na machafuko, na kuanzia mwaka 2018 mapigano kati ya makundi yenye silaha ya Wadogon na ya Wafulani yameteketeza vijiji katika eneo la kati na kuwasukuma maelfu ya watu mijini, ambako mtoto hukutana na lugha za wengi. Watafiti wa kutoka nje hawaendi tena kwa urahisi kama walivyokwenda mwaka 2005. Kwa upande wa sheria, katiba mpya ya mwaka 2023 iliishusha lugha ya Kifaransa kuwa lugha ya kazi tu na kuzipandisha lugha 13 za taifa kuwa rasmi, Kidogon kikiwa mojawapo. Bangime haimo katika hizo 13, na mtoto wa Bounou anayeambiwa kwamba lugha yake sasa ni rasmi ataletewa kitabu cha lugha ambayo si ya mama yake, kwa jina la kabila analolikubali kuwa lake. Sina hakika kama huo ni ushindi kwake.

Kuhusu daftari lako, tutachapa. Usianze na salamu, maana kila mtu huanza na salamu na daftari huishia hapo. Anza na majina ya samaki mnaowavua, na miti ya upande wa Mahale ambayo bibi anaitumia kwa dawa. Andika Kitongwe kwanza, kisha Kiswahili, na pale ambapo Kiswahili hakina jina la mti huo, acha mstari wazi na utuchoree jani lake.